Gari 16 na watu 60 ndani ya Wahiba: jibu kwa msomaji wa Wete

Suali: Msomaji wa Wete, Pemba, anauliza: "Jamaa zetu walioko Muscat wanatualika Disemba. Tunataka kuukusanya ukoo, wa huku na wa kule, watu 60 kwa gari 16, tulivuke jangwa la Wahiba huko Oman kwa siku tatu na kulala huko mara mbili. Madereva wenye uzoefu wa mchanga ni wanne tu. Waliobaki wana foo-wili lakini hawajawahi kutoka nje ya lami. Tujipange vipi, tubebe nini, na mambo huharibikia wapi? Mama yetu ana miaka 70 na yeye pia anataka kwenda."

Jibu: Waalaykumu salaam, ndugu yangu. Uliyoyauliza yote yanajibika, lakini moja linatangulia: gari 16 haziingii mchangani kwa mstari mmoja. Dereva aliyefundishwa vizuri kwa nusu siku mchanga haumshindi. Misafara mikubwa huvunjwa na wingi wake wenyewe. Piga hesabu kila gari ikwame mara moja tu kwa siku, na kuikwamua kuchukue dakika 15. Hizo ni saa 4 ambazo watu 60 wamesimama juani wakiitazama gari moja baada ya nyengine. Ukizigawa misafara mitatu, ya gari 5, 5 na 6, kila msafara unapoteza saa moja na robo au moja na nusu tu, na magharibi inawakuta wameshatandika mikeka. Kwa hiyo pangeni safari tatu ndogo zinazolala pahala pamoja.

Kila msafara unataka madereva wawili wazoefu: mmoja mbele anayetafuta njia, mmoja nyuma kabisa mwenye vifaa vya kukwamulia. Misafara mitatu ni watu sita, na nyinyi mnao wanne. Ukipunguza gari zibaki 12 kwa misafara miwili, kila gari itabeba watu watano na mizigo haitapata pa kukaa. Ni bora kukodi madereva wawili wenyeji wa Bidiya, mji ulioko ukingoni mwa mchanga, kama kilomita 220 kutoka Muscat. Wao hujua matuta yaliyohama tangu mwaka jana, na hujua pia kambi za mabedui wanaoishi humo, ambako hampiti kati ya mahema na mabanda ya watu. Gharama hiyo iingie katika mchango wa kila familia tangu mwanzo, isije ikaonekana kuwa ni ziada ya kubishaniwa.

La pili huenda lisikufurahishe. Msilivuke. Eneo la Wahiba, ambalo siku hizi huitwa pia Mchanga wa Sharqiya, lina urefu wa kama kilomita 180 kaskazini hadi kusini na upana wa kama 80. Anayelivuka, akishafika katikati, kurudi na kuendelea kunakuwa sawa kwa umbali. Gari ikivunjika ekseli hapo, msafara wote umefungwa. Kwa watu wenye watoto na mama mzee, ingieni kama kilomita 40 kutokea Bidiya, wekeni kambi moja kwa usiku zote mbili, na siku ya katikati wenye hamu watoke na gari tupu wazunguke kilomita 60 hivi, warudi hapo hapo. Raha ni ile ile, na njia ya kutokea mnaijua kwa sababu mmeingilia humo humo.

Sura ya jangwa lenyewe inawasaidia. Upepo wa kusi, huu huu tunaoujua sisi, ndio uliolilima Wahiba, na upande wa kaskazini umeacha migongo mirefu inayolala kaskazini-kusini, mengine yakifika mita 100 kwa kimo, na mabonde mapana baina yake. Ukifuata bonde unakwenda karibu kama uko njiani. Ukitaka kutoka bonde moja hadi jengine, mashariki au magharibi, ndipo unapopanda na kushuka. Kwa hiyo njia ya kuingilia kambini iwe ndani ya bonde moja, na kuikata migongo kuachwe kwa ile siku ya kuzunguka.

Sasa gari. Isiyo na gea ya chini, yaani ile seti ya pili ya gea nzito, ibaki Bidiya. RAV4 na ndugu zake hupita mchanga mgumu, ila mkiwa 16 mtazivuta kutwa. Prado, Land Cruiser, Patrol, Pajero na Jimny zinafaa. Gari za kukodi mziangalie sana: kampuni nyingi zinakataza kwa maandishi kutoka nje ya lami, na ukivunja kitu humo bima imeshakufa. Hata gari za jamaa zenu, kila mwenye gari aulize bima yake kama inagharimia nje ya barabara, na ajibiwe kwa maandishi. Kusafirisha gari kutoka Unguja, kama kuna mwenye wazo hilo, ni kutupa fedha. Isitoshe kule wanaendesha mkono wa kulia na usukani uko kushoto. Dereva wa Zanzibar asianze kuyajifunza hayo mchangani. Zile kilomita 220 za lami waendeshe wenyeji, tena mchana, kwani usiku ngamia husimama barabarani na taa haziwaoneshi mapema.

Tairi ndiyo habari yenyewe. Ukipunguza upepo, tairi hurefuka chini na kukanyaga eneo kubwa zaidi, hivyo uzito hutawanyika na mchanga haukatiki. Lamini mna psi (kipimo cha upepo wa tairi) 32 hadi 36. Mkifika ukingoni shusheni hadi 16 au 18 kwa gari nzito iliyopakia, 14 kwa Jimny. Ikikwama, 12. Chini ya 10 tairi hujitoa kwenye rimu ukikata kona, na kuirudisha katikati ya mchanga ni kazi ya saa zima. Pimeni tairi zikiwa baridi: zilizotembea lami zimepata moto na zinasoma psi 4 au 5 zaidi, kwa hiyo mkizishusha papo hapo hadi 16, baada ya mapumziko mtazikuta na 13 au 14. Na ukiwa na upepo mdogo usizidishe kilomita 60 kwa saa pahala pagumu, maana ubavu wa tairi hujikunja, hupata moto na hupasuka.

Kutoka mchangani ndiko watu wasikokufanyia hesabu. Gari 16 ni tairi 64. Kompresa moja nzuri hujaza tairi kutoka 16 hadi 35 kwa kama dakika 5, maana yake saa 5 na dakika 20. Kila msafara uwe na kompresa mbili, hapo gari 5 zinamalizika kwa dakika 50. Kompresa za kuchomeka kwenye kiwashia sigara msizitegemee: kompresa yenye nguvu hula kama ampea 30, na fyuzi ya kiwashio huwa ni ya 15 au 20. Itakayonunuliwa iwe ya kubana moja kwa moja kwenye betri, na injini iwe inawaka wakati wote wa kujaza. Bidiya kuna mafundi wa tairi pembezoni mwa barabara, lakini gari 16 zikiwafikia kwa pamoja mtapanga foleni vile vile.

Madereva wapya wafundishwe asubuhi ya kwanza, kwenye bonde, kabla ya tuta lolote. Wafundishwe kusimama kwanza: usikanyage breki, achia mafuta na gari isimame yenyewe, kwa sababu breki hujenga kizuizi cha mchanga mbele ya kila tairi na ukitaka kuondoka unaanza na kupanda kigingi ulichokijenga mwenyewe. Simama ukitazama mteremko. Tuta hupandwa moja kwa moja na kushukwa moja kwa moja. Anayelikata kwa ubavu ndiye anayepinduka. Kasi ipatikane chini, na ukikaribia kilele achia mafuta kidogo kidogo, kwani upande wa pili, ule uliokingwa na upepo, huteremka kwa nyuzi 32 hadi 34 na kutoka ndani ya gari huuoni kabisa. Tuta likikushinda katikati, tia rivasi na urudi kwa mstari ule ule uliopandia. Kugeuza hapo juu ndiko kulikowaua watu. Kwenye kushuka tumia gea ya kwanza nzito. Mkia ukianza kukupita, elekeza usukani chini na uongeze mafuta kidogo, ingawa mguu utatamani breki.

Kileleni ni gari moja moja. Gari mbili zikikutana juu ya kilele kutoka pande mbili hazionani mpaka zimegusana. Ndiyo maana ya vibendera: mti mwembamba wa mita 2.5 hadi 3 ukifungwa kwenye bampa ya mbele, na kitambaa chekundu au cha rangi ya chungwa, huonekana kabla ya gari. Mianzi hapa Pemba haina uhaba, lakini huko nunueni fimbo za plastiki zinazopinda. Mwanzi ukivunjika huingia kwenye kioo.

Kanuni ya kutopoteana haihitaji hata redio: kila dereva ana dhamana ya gari iliyo nyuma yake. Usipoiona kiooni, unasimama pahala pa juu na pagumu. Wa mbele yako naye hatakuona, atasimama, na hivyo hivyo mpaka wa kwanza. Asirudi kila mtu kwenda kutafuta; hurudi wa mwisho wa msafara tu, kwa alama za tairi zao. Aliyepotea anakaa pale alipo, ndani ya kivuli cha gari yake. Gari huonekana mbali, mtu anayetembea haonekani.

Kukwama kutakuwapo. Gari inapoanza kulemewa, acha mafuta mara moja. Dereva anayeendelea kukanyaga huzika gari mpaka tumbo, na kazi ya dakika 5 inakuwa ya dakika 40. Abiria wote washuke, upepo ushuke hadi 12, mchanga ufukuliwe mbele na nyuma ya tairi zote nne na chini ya tumbo, kisha jaribu kurudi nyuma kwa alama zako mwenyewe, maana mchanga ule umeshashindiliwa. Nyingi hutoka hapo. Ikikataa, wekeni vibao vya kukwamulia. Jeki ikitakiwa, iwekeni juu ya kipande cha plaiwudi cha sentimita 40 kwa 40, kinene sentimita 2, au itazama yenyewe gari ikibaki palepale. Kila gari iwe na sepetu yake, yenye mpini mrefu. Na tazameni ekzosi: gari iliyozama na tundu la moshi limezibwa na mchanga, kisha injini ikaachwa iwake ili watoto wapate hewa ya baridi, hurudisha moshi ndani. Sumu iliyomo ndani ya moshi huo haina harufu ya kukuamsha.

Kamba ndiyo ya mwisho na ndiyo ya hatari kuliko yote, kwa hiyo nitaisema kwa urefu. Nunueni kamba ya mnyumbuko ya mita 9, yenye nguvu ya kukatika mara mbili hadi tatu ya uzito wa gari; kwa gari ya tani 2.5 au 3, kamba ya tani 8 inatosha. Minyororo na kamba za chuma za kuvutia kawaida hazinyumbuki, hivyo mshtuko wote huishia kwenye chesisi. Shekeli, yaani kile kipete cha chuma cha kuungia kamba na gari, iwe ya milimita 19 iliyoandikwa tani 4.75. Ikiwa haikuandikwa kitu, ni pambo. Gari inayovuta iache ulegevu wa mita moja na nusu hadi mbili, kamba ikilazwa chini kwa mkunjo wa S, ianze kwa gea ya pili nzito bila kurukia, na iache mnyumbuko ufanye kazi. Juu ya kamba tupeni blanketi zito. Watu wote wakae mbali kwa mara moja na nusu ya urefu wa kamba, na mtu mmoja tu ndiye anayetoa ishara; wajomba watano wakipiga kelele kila mmoja na amri yake, dereva atamsikia asiyepaswa kusikiwa.

Mnafunga wapi? Kwenye ndoano zilizotengenezwa kwa kuvutia, zilizofungwa kwa boliti kwenye chesisi. Ile mpira ya chuma ya kufungia trela, hata kwa bahati mbaya msiiguse: hukatika na kuruka kama risasi, na imeshaua watu katika nchi nyingi. Na gari nyingi zetu zinazotoka Japani zina vile vitanzi vyembamba chini, mbele na nyuma. Hivyo ni vya kufungia gari isicheze ndani ya meli. Vikivutwa kwa mshtuko hung'oka. Kabla ya safari kila gari ichunguliwe chini, ndoano zake za kweli zitiwe rangi, ili jua linapochoma asianze mtu kubahatisha.

Maji: hesabu lita 5 za kunywa kwa mtu kwa siku, na 3 za kupikia, kutawadhia na mengineyo. Lita 8 kwa watu 60 kwa siku 3 ni lita 1,440. Ongeza siku moja ya dharura, inakuwa 1,920, yaani lita 120 kwa kila gari, na uzito wake ni kilo 120. Yakae chini, nyuma ya viti vya mbele, katika madumu ya lita 10 au 20. Dumu moja kubwa likitoboka mmepoteza yote. Juu ya keria pakieni mahema na magodoro tu. Uzito wa juu ndio unaoipindua gari kwenye mteremko ambao jana yake, tupu, iliushuka salama.

Mafuta ni rahisi zaidi kwa mpango wa kambi moja. Kuingia 40, kutoka 40, kuzunguka 60: kilomita 140. Gari kubwa ya petroli mchangani hula kama lita 30 kwa kilomita 100, maradufu ya lamini au karibu na hapo. Hizo ni lita 42. Ongeza thuluthi, 56. Anayejaza tangi Bidiya hahitaji madumu ya petroli kabisa, na hilo peke yake linaondoa harufu, hatari na ugomvi. Jimny ina tangi la lita 40 lakini hula nusu ya hizo, haina wasiwasi.

Redio za mkononi zinasaidia sana baina ya misafara, ila msizinunue wala kuziingiza nchini bila ya jamaa zenu kuulizia kibali kwanza. Hivyo hivyo simu ya setilaiti. Simu za kawaida hushika juu ya migongo na kupotea mabondeni. Ramani zipakuliwe ndani ya simu tangu Muscat, na wote mtumie namna moja ya kuandika nukta. Hapa ndipo kundi moja huenda kulala pahala pengine: mmoja anaandika digrii 22 na dakika 30, mwenzake anaingiza 22.30. Dakika 30 ni nusu digrii, ilitakiwa 22.50. Tofauti ya 0.20 ni kama kilomita 22. Amueni digrii za desimali, kwa wote. Orodha ya majina, namba za gari, nukta ya kambi na saa ya mwisho ya kuripoti aachiwe mtu mmoja Muscat asiyesafiri; yakipita masaa matatu tangu saa hiyo bila habari apige 9999, namba ya dharura ya Oman.

Saa zenu za Pemba mziache. Disemba huko jua huzama kama saa 11 na dakika 20 jioni, wakati sisi magharibi ni karibu saa 12 na nusu. Mchanga ni mgumu asubuhi na hulegea ukipata moto, na mchana kati jua likiwa juu zaidi kivuli cha matuta hupungua, huoni vizuri wapi pameinuka na wapi pamekatika. Endesheni kuanzia saa 12 na nusu asubuhi hadi saa 4 na nusu, pumzikeni, sala ya adhuhuri na alasiri ziwe ndiyo vituo vya kuhesabu gari na watu, kisha mmalizie saa 9 na nusu hadi 10 na nusu. Kambini gari zipangwe nusu duara, na baada ya magharibi isiwashwe hata moja. Watu hulala chini kwenye mchanga, na dereva wa usiku haoni kichwa cha mtoto nje ya hema. Msikate miti ya ghaf kwa kuni. Chukueni mkaa au gesi. Blanketi nzito zisisahauliwe, usiku kuna baridi ambayo mtu wa Wete hajaizoea. Viatu vikung'utwe asubuhi, kwa ajili ya nge.

Wapo watakaosema tufike mpaka baharini. Msafara wa wazoefu unaweza, lakini waambiwe habari ya sabkha: uwanda mweupe, mkavu, sawa kabisa, unaomwita mtu akanyage mafuta. Juu ni ganda la chumvi, chini ni tope. Gari huzama mpaka ekseli na hakuna kinachoishikilia kamba. Barr al-Hikman, kusini zaidi, ni maarufu kwa hilo. Zungukeni.

Huku Pemba mnaweza kujifunza kabla ya kupanda ndege. Tafuteni kiwanja, mfungue upepo kwa kipimo mpaka mikono izoee, mbadilishe tairi juu ya kipande cha plaiwudi, mfunge shekeli (ikishakaza, rudisha nyuma robo mzunguko, la sivyo baada ya mvuto haifunguki). Pwani msipaharibu kwa mazoezi: chumvi hula breki na gari, na kasa hutaga mchangani.

Kuhusu mama, aende. Asipande gari za kujifunzia wala za kuzunguka. Akae kiti cha mbele katika gari ya dereva mwenyeji, katika msafara wa kwanza, gari ambayo hupita bonde tu na kufika kambini kabla ya joto. Mto mdogo nyuma ya kiuno, kwani mtikisiko wa mchanga huumiza mgongo. Dawa zake ziwe za siku tano kwa safari ya siku tatu, nusu kwenye mkoba wake na nusu gari nyengine. Akiwa anatumia insulini, iwekwe kwenye boksi la barafu lakini isigusane na barafu yenyewe. Na awe na mtu wake mmoja wa kumkumbusha kunywa maji kila saa, kwa sababu wazee husikia kiu wakati mwili umeshakauka. Akianza kuumwa kichwa na mkojo ukawa wa rangi ya chai, mpeni lita moja ya maji iliyotiwa vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko cha chumvi, anywe kidogo kidogo. Akichanganyikiwa maneno au akishindwa kunywa, msisubiri asubuhi: dereva mwenyeji na gari ya pili ya kusindikiza wampeleke Bidiya usiku ule ule, kwa njia ile ile ya bonde mliyoingilia.